Uvimbe kwenye figo: kwa nini daktari anakuandikia MRI?

Mtu akikojoa damu hapa bonde la Kilombero, jina la kwanza kutajwa ni kichocho. Si ajabu, ugonjwa huo tunao Ifakara miaka mingi. Lakini damu hiyohiyo inaweza kutoka kwenye figo yenye uvimbe. Kwa hiyo tunawaomba wasikilizaji wetu, kuanzia Michenga hadi Mlimba: ukishameza dawa ya kichocho na damu ikaendelea, rudi hospitali.

Huko utaanza na altrasaundi. Mara nyingi itaonyesha kifuko cha maji tu, chenye ukuta mwembamba. Hicho ni cha kawaida kwa watu wenye umri mkubwa, si saratani, na mwenye nacho hana haja ya kuuza mbuzi akatafute MRI.

Shida ni pale kifuko kinapokuwa na kuta nene au vyumba ndani, au panapoonekana pande la nyama. Hapo daktari huomba CT skani, au MRI. Mashine ya MRI haina mionzi ya eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu sana na mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayowaletea matangazo yetu. Maji na mafuta mwilini hujibu mawimbi hayo kila kimoja kwa namna yake, ndiyo maana picha huvitenganisha. Uvimbe wenye mafuta ya kuonekana wazi kwa kawaida si saratani. Dawa ya kung'arisha picha ikichomwa kwenye mshipa na uvimbe ukaipokea, maana yake ndani kuna nyama inayopitiwa na damu, na wasiwasi huongezeka.

Hata hivyo MRI haimalizi kila swali. Kuna uvimbe usio saratani unaofanana nayo kabisa pichani. Huo hutolewa kinyama kidogo kikapimwe maabara, au hufanyiwa upasuaji.

MRI ipo Muhimbili, Dar es Salaam, na Benjamin Mkapa, Dodoma. Ni safari na ni gharama, hivyo kabla ya kupanda basi muulize daktari kama majibu yake yatabadilisha matibabu yako. Beba ripoti ya altrasaundi na majibu ya damu ya figo, kwa sababu figo zikiwa dhaifu sana dawa ile huhitaji tahadhari. Mwenye chuma mwilini, au kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, aseme mapema. Mashine inapiga kelele nyingi. Utalala bila kujitikisa, na utaambiwa ubane pumzi mara kadhaa.