Mkono wa Mtoto na Kiu ya Kombe: Kisa cha Kocha wa Ofunato

Mzazi anapomkabidhi mwanawe kwa kocha wa shule, humdai nini hasa? Ushindi, au mtoto arejee nyumbani akiwa mzima? Aliyewahi kufundisha katika shule yenye timu inayotajwatajwa mitaani anajua kwamba wazazi huyadai yote mawili, tena kwa siku moja. Leo nakualika tulitazame suala hili nchini Japani, ambako besiboli ya shule za sekondari ni jambo la taifa zima.

Mashindano yao ya kitaifa ya majira ya joto yalianza mwaka 1915, na tangu 1924 huchezwa katika uwanja wa Koshien, karibu na Osaka. Karibu kila mkoa hutoa timu moja, nayo hupatikana kwa mtoano: ukishindwa mara moja, safari imekwisha. Vijana wanaoshindwa Koshien huchota udongo wa uwanja ule na kwenda nao kwao.

Katika besiboli, mzigo mkubwa humwangukia mrushaji, anayeutupa mpira kwa nguvu zake zote kuelekea kwa mpigaji, tena na tena. Shule yenye mrushaji mmoja hodari humrudisha uwanjani kesho na keshokutwa. Mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka alirusha mara 250 katika mchezo mmoja wa vipindi 17, na nchi ikamfanya shujaa. Mwaka 2018 Kosei Yoshida, wa shule ya kilimo ya Kanaashi, alirusha mara 881 katika mashindano hayo peke yake. Alishangiliwa mno, waliouliza habari za bega lake walikuwa wachache.

Kisha ukaja Julai 2019. Shule ya umma ya Ofunato, katika mkoa wa Iwate uliopigwa na tsunami ya 2011, ilifika fainali ya mkoa. Haikuwa imeiona Koshien kwa miaka 35. Mrushaji wake, Roki Sasaki, alikuwa amempoteza baba yake katika tsunami ile. Siku chache kabla ya fainali alikuwa amerusha mara 194 katika mchezo mmoja, na katika nusu fainali, siku moja tu kabla, mara 129. Kocha wake, Yohei Kokubo, kijana wa miaka 32, akamweka benchi. Ofunato ilifungwa 12 kwa 2.

Simu za malalamiko zikamiminika shuleni. Isao Harimoto, mpigaji mkongwe anayeheshimika, alimlaumu kocha hadharani kwenye televisheni. Yu Darvish, mrushaji aliyekuwa akicheza Marekani, akamtetea. Kokubo alieleza kwamba lau angemwamuru Sasaki arushe, angerusha, ila yeye hakuweza kutoa amri hiyo.

Usiwacheke upesi waliopiga simu. Wafikirie wachezaji wengine wa timu ile, vijana wa mwaka wa mwisho waliofanya mazoezi miaka mitatu na ambao wengi wao hawatacheza tena besiboli ya ushindani. Mzazi wa mmoja wao angekuwa na haki ya kuuliza: mwanangu naye si mtoto wa shule hii? Mimi binafsi naona kocha alitenda haki, kwa kuwa fainali iliyopotea huuma, lakini mkono ulioharibika huandamana na mtu maisha yake yote. Hata hivyo, jamii iliyomwachia mwalimu mmoja uamuzi huo, bila kanuni yoyote ya kumkinga, ilimtwisha mzigo usio wake.

Kanuni ilikuwa imejaribiwa. Mwishoni mwa 2018 chama cha besiboli ya shule cha mkoa wa Niigata kilitangaza ukomo wa mirusho 100 kwa mchezo. Shirikisho la taifa likakitaka kifikiri upya, kikaacha. Lakini mjadala haukuzimika, na mnamo Novemba 2019 shirikisho hilohilo liliamua kwamba mrushaji asizidi mirusho 500 katika juma moja.

Sasaki aliingia besiboli ya kulipwa. Tarehe 10 Aprili 2022, akiwa na miaka 20, alimaliza mchezo mzima bila kumruhusu mpigaji hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Juma lililofuata alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa vipindi vinane, kikibaki kimoja, meneja wake alipomtoa uwanjani. Alikuwa amerusha mara 102.