Daraja la Algonquin: nyumba za ziwani zilizonusurika Toronto

Julai 28, 1980, maofisa wa mahakama walivuka maji kutoka Toronto wakiwa na hati za kuwatoa watu majumbani mwao. Walifika hadi kwenye daraja jembamba la waenda kwa miguu linaloingia kisiwa cha Algonquin, kimojawapo cha Visiwa vya Toronto, wakakuta umati umewatangulia. Tarehe hiyo inaporudi, wanaokumbukwa ni wakazi waliokataa kupisha njia, na wanastahili kukumbukwa. Lakini kumbukumbu ikiishia pale darajani, linapotea jambo ambalo miji mingi yenye ufuko ingefaa kulichunguza kwa makini: nyumba zile zimebaki nafuu kwa sababu sheria ilizitoa sokoni. Ujirani mwema usingetosha kuzilinda, wala mapenzi ya wakazi kwa ziwa lao. Pwani ya jiji ng'ambo ya pili, inayotazamana na visiwa hivyo, imejaa maghorofa ambayo mtu wa kipato cha kawaida hawezi kununua hata chumba kimoja humo. Maji ni yale yale ya Ziwa Ontario. Kinachotofautiana ni masharti ya ardhi.

Visiwa vya Toronto vilikuwa rasi ya mchanga mpaka dhoruba ya 1858 ilipoikata kutoka bara. Kabla ya hapo Wamississauga, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wakiiona rasi hiyo kuwa mahali pa uponyaji, na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1808 ungali umesimama. Baadaye zilikuja hoteli, viwanja vya michezo na majumba ya kifahari ya majira ya joto. Historia inayotuhusu, hata hivyo, ilianza kwa turubai. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wasio na uwezo wa kujenga walianza kupiga mahema kwenye kisiwa cha Ward's, upande wa mashariki, na jiji likawapangishia nafasi. Kufikia 1913 mahema yalikuwa mengi kiasi kwamba yalipangwa kwa mitaa, na mwaka 1931 jiji likaruhusu nyumba za mbao zichukue nafasi yake. Mpaka leo viwanja vya Ward's ni vidogo mno na vichochoro vyake havipitishi gari, kwa kuwa vilipimwa kwa kipimo cha hema. Mizigo ya sokoni hufika mlangoni kwa baiskeli au kwa mkokoteni wa kuvutwa na mkono.

Ulipofika uamuzi wa kujenga uwanja wa ndege upande wa magharibi mwaka 1937, nyumba zaidi ya thelathini zilipakiwa kwenye matishari zikasafirishwa majini hadi kisiwa kinachoitwa sasa Algonquin. Baada ya vita vya pili vya dunia jiji lilikuwa na uhaba mkubwa wa makazi, na mwaka 1947 likakubali watu waishi visiwani mwaka mzima. Miaka ya 1950 ilikuta nyumba zipatazo 630 huko, pamoja na maduka, sinema na kumbi za dansi. Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Unafuu wa miaka hiyo ulitegemea hisani ya mwenye ardhi tu: jiji lilipangisha kwa bei ndogo kwa sababu halikuwa na matumizi mengine ya ardhi hiyo. Mwenye ardhi alipobadilika, hisani nayo ikaisha.

Mwaka 1956 visiwa vilikabidhiwa Metro, serikali mpya iliyounganisha jiji na vitongoji vyake. Metro ilitaka bustani ya umma, na idara yake ya bustani, chini ya Tommy Thompson, ikaanza kubomoa nyumba kila mikataba ya upangaji ilipoisha au kurudishwa. Mtaa wa maduka wa kisiwa cha kati ukafutika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zimebaki nyumba kama 250, zote Ward's na Algonquin. Wakazi waliunda chama chao mwaka 1969. Mwaka 1973 baraza la jiji lilipiga kura ya kuinusuru jamii hiyo, lakini Metro, iliyokuwa na hati ya ardhi mkononi, ikakataa na kwenda mahakamani. Kisheria ilikuwa na haki, na mahakama zikasema hivyo.

Ndiyo maana siku ile ya Julai ina uzito. Wakazi hawakuwa na kesi iliyobaki ya kuwapa matumaini. Walikuwa na mawakili wanaotafuta muda, waandishi wa habari waliokuja na kamera, na daraja. Anayetaka kuingia Algonquin kwa miguu hana budi kupita hapo, na watu wakisimama bega kwa bega hapapitiki bila kuwasukuma. Sherifu, aliyewaongoza maofisa wa mahakama, angeweza kuita polisi. Wawakilishi wa wakazi walizungumza naye papo hapo, wakimwomba asubiri hatua ya mwisho ya kisheria, na mwishowe alikubali kurudi na watu wake bila kugawa hati. Masimulizi ya wakazi wenyewe hulikuza tukio hili, na Sally Gibson, aliyeandika historia ndefu ya visiwa hivyo mwaka 1984, naye hafichi anaegemea wapi. Naamini wana haki ya kulikuza. Serikali ya jimbo la Ontario ilikuwa imeuacha mgogoro huo kwa ngazi za chini kwa miaka mingi. Baada ya picha za darajani haikuweza tena. Ilimteua Barry Swadron kuchunguza, akatoa ripoti mwaka 1981, na Desemba ya mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwaruhusu wakazi kubaki hadi 2005.

Muda wa kubaki, hata hivyo, haulindi bei. Kazi hiyo ilifanywa na sheria ya 1993, chini ya serikali ya jimbo iliyoongozwa na Bob Rae. Ardhi ya makazi iliwekwa mikononi mwa jimbo, wakazi wakapewa mikataba ya miaka 99, na ukaundwa mfuko wa udhamini wa kusimamia. Mkazi anamiliki nyumba yake lakini hamiliki kiwanja, na hana ruhusa ya kuiuza kwa mnunuzi wa chaguo lake. Anaweza kumwachia mwenza au mtoto. Vinginevyo, nyumba inatolewa kwa walio kwenye orodha ya kusubiri yenye nafasi 500, kwa bei inayotokana na gharama ya kuijenga upya ukitoa uchakavu wake. Thamani ya mandhari, ukaribu na jiji na kelele za mawimbi haiingii kwenye hesabu. Nyumba zilizomo kwenye mpango huu ni 262.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba ardhi ya umma imekuwa neema ya watu wachache. Ni kweli nyumba zinazotolewa kwa mwaka ni za kuhesabu kwa vidole, na aliye chini ya orodha anaweza kuzeeka akisubiri. Lakini tazama njia mbadala zilizopendekezwa. Kuuza kwa mnada kungewaondoa wote 500 wanaosubiri kwa siku moja. Kubomoa kusingeongeza sana bustani ambayo tayari imechukua sehemu kubwa ya visiwa, na kungeiacha bila mtu wakati wa baridi. Uchache wa nafasi unaonyesha kwamba mfumo huu ulijengwa mahali pamoja tu, na jiji lililo ng'ambo, lenye ekari nyingi za pwani ya zamani ya viwanda, halikuurudia. Kwa hilo Toronto inastahili lawama.

Pingamizi la pili ni la wenye ardhi wa asili, na hilo siwezi kulipinga. Mkataba wa 1805 uliichukua ardhi ya Toronto kwa shilingi 10, na Wamississauga wa Credit daima wamesema kwamba visiwa havikuwamo. Mwaka 2010 serikali ya Kanada iliwalipa dola milioni 145 za nchi hiyo kumaliza dai lao. Wakazi waliosimama darajani wakitetea haki ya kutofukuzwa hawakuwa wa kwanza kuidai mahali hapo.

Tangu 1993 yaliyotokea ni machache, isipokuwa maji. Mafuriko ya 2017 yaliifunga bustani hadi mwisho wa Julai, na mwaka 2019 ziwa likafurika tena. Vivuko navyo vimezeeka: Sam McBride kiliundwa mwaka 1939, Thomas Rennie mwaka 1951, na Ongiara, kinachowavusha wakazi wakati wa baridi, mwaka 1963. Jiji limeagiza vivuko vya umeme, miongo kadhaa baada ya ilivyopasa. Mikataba ya nyumba inaisha mwaka 2092, na mtoto anayezaliwa Ward's mwaka huu anaweza kuwa hai siku hiyo.