Baridi ya Kitulo na Mizigo ya Elton

Waandishi wengi wa habari za wasafiri wa kale katika nchi yetu hutaja homa, simba, njaa na vita, lakini ni wachache wanaoitaja baridi. Jambo hilo hunishangaza mimi niliyezaliwa na kufundisha katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi wa Julai mtu huota moto kwanza ndipo aanze mazungumzo. Juu kabisa ya nyanda hizo, upande wa Makete na Mbeya, uko uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha mita 2,600 hivi, na mlima Mtorwi ulio jirani unafika mita 2,961. Usiku wa kipupwe maji huganda katika sufuria huko, na asubuhi majani huwa meupe kwa sakitu. Theluji hakuna.

Naitaja theluji kwa sababu mjukuu wangu anayesoma Marekani aliniandikia kwamba yeye na wenzake wanapanga kwenda milimani wakati wa baridi, wakiteleza kwa skii, wakalale katika hema la duara la sufu iliyoshindiliwa liitwalo yurti, kama yale ya wafugaji wa Mongolia. Aliniuliza kama babu zake waliwahi kufanya wazimu wa namna hiyo. Nilimjibu kwamba skii si ngeni kabisa nchini kwake. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kuzitumia huko, na barafu ya kileleni iliyopewa jina la Furtwängler inazidi kuyeyuka. Lakini habari za babu zake ziko huku kwetu, nazo hazina skii.

Mwaka 1877 James Frederick Elton, konseli wa Uingereza huko Msumbiji, alifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa na Wazungu wenzake wachache, wakapanda milima ya Livingstone. Kwa miaka mingi ramani ziliuita uwanda wa Kitulo kwa jina la Elton. Mwenyewe hakuiona ramani hiyo. Alifariki Ugogo Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 37, na habari za safari yake zilihaririwa na mwenzake Cotterill zikatoka kitabuni mwaka 1879. Mwaka huo wa 1879 akaja Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, ambaye kiongozi wake Keith Johnston alifia Behobeho mwezi Juni. Thomson alivuka nyanda zetu hadi Nyasa. Vitabu humsifu kwa hilo, na sifa nyingine ni zake kweli. Hata hivyo mkuu wa msafara alikuwa Chuma, Myao yuleyule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliuleta mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo mapema mwaka 1874. Kwangu mimi, mtu aliyekwisha kuongoza mzigo wa namna ile ndiye mpangaji wa safari, na kijana wa miaka 21 alikuwa na bahati kumpata.

Wasafiri hao walizistaajabia nyumba za Wanyakyusa: za duara, za mianzi na udongo, safi, na paa la nyasi. Kwa upande wa Iringa, Wahehe walijenga tembe, nyumba ndefu zenye paa la bapa la udongo mzito, ambao hulihifadhi joto. Katika nyumba hizo zote moto uliwaka ndani na watu wakalala salama. Moshi ulipenya katika nyasi na nyufa, na hewa mpya ikaingia. Ni nyumba ya saruji na bati, iliyofungwa madirisha, ndiyo iliyoleta hatari ambayo mababu hawakuijua.

Mwaka 1987, nikiwa na umri uleule wa Elton, nilipanga kuwapeleka wanachuo 24 Kitulo kwa usiku mmoja, wajifunze historia mahali ilipopita. Wengi walitoka Mtwara na Lindi. Njia yetu ilikuwa ya Makambako hadi Chimala, kisha kupanda ile barabara ya kona 57 kwenda Matamba. Nilitangulia wiki mbili kabla. Mzee mmoja wa Matamba, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, vijana wako wana blanketi ngapi?"

"Moja moja, mzee."

"Basi azima jingine kwa kila mmoja. Na nyasi kavu za kulalia tutawakatia sisi. Baridi hutoka chini."

Mimi nilikuwa na shauri jingine lililonikosesha usingizi, nalo ni mkaa. Nilikuwa nimehudhuria mazishi ya vijana wawili walioingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, wakafunga dirisha, wasiamke. Hewa ile ya sumu haina harufu, na anayeivuta huona usingizi tu. Tulikuwa tumepewa bohari la bati lisilo na tundu. Nikaandika katika ratiba, kwa wino mwekundu: jiko litabaki nje.

Saa tano usiku mwanachuo mmoja wa Lindi, kijana mpole kwa kawaida, alinijia akitetemeka. "Mwalimu, tutakufa humu kwa baridi. Turuhusu jiko hata nusu saa." Wenzake walisimama nyuma yake, na mmoja alikwisha kulishika. Nilisimama mlangoni. Niliwaambia wawashe kuni nje, waote kwa zamu, kisha walale wawili wawili mgongo kwa mgongo, blanketi mbili chini na mbili juu, juu ya nyasi za Matamba. Walinuna. Yule wa Lindi hakusema nami hadi asubuhi.

Asubuhi niliwahesabu kabla jua halijatoka. Walikuwa 24. Nje sakitu ilikuwa imefunika uwanda wote, na yule kijana alikuwa ameinama akiigusa kwa kidole. Akaniuliza wapagazi wa Elton walivaa nini miguuni.