Chumvi ya Mawimbi

Joto kali lilipoikumba New York mwaka 1948, miongoni mwa watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa wameishiwa maji mwilini walikuwamo wengi wenye ugonjwa mmoja: saistiki faibrosisi, uliokuwa umeelezwa na daktari Dorothy Andersen miaka 10 nyuma. Mwenzake, Paul di Sant'Agnese, akalichunguza jasho lao, akalikuta limejaa chumvi kupita kiasi. Simulizi za kale za Ulaya zilikwishaonya: mtoto ukimbusu kwenye paji la uso ukaonja chumvi, huyo hakai sana duniani.

Mapafuni mambo ni kinyume. Huko chumvi haitoki ipasavyo kwenye seli kuingia katika njia ya hewa, na maji siku zote huifuata chumvi. Utando wa majimaji hupungua, ute huwa mzito kama gundi, na vinyweleo vinavyoufagia kwenda juu hulala chini yake. Mtoto hukohoa, asitoe kitu.

Mwanga ulitoka baharini. Madaktari wa Sydney, Australia, waliona kwamba wagonjwa wao waliokuwa wakipanda mawimbi kwa ubao walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Je, ni ule ukungu wa bahari? Wakawachukua wagonjwa 164, nusu wakivuta ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 7, nusu asilimia 0.9, mara mbili kwa siku kwa wiki 48. Majibu yalichapishwa Januari 2006. Kasi ya mabadiliko ya nguvu za mapafu haikupishana, ila kwa waliovuta chumvi ya asilimia 7, vipindi vya kuzidiwa vilipungua kwa asilimia 56 kuliko kwa wenzao. Kwangu mimi hilo ni kubwa mno: ni siku ambazo mtoto analala kitandani kwao. Watafiti wa Chapel Hill, Marekani, nao walionyesha kwamba ute uliendelea kusafishwa vizuri kwa saa 8 au zaidi.

Miaka miwili kabla, hofu ya SARS, ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, ikiwa bado mbichi, David Edwards wa Harvard na wenzake walikuwa wameuelekeza ukungu wa chumvi kwa watu wazima 11 wenye afya. Hata anayepumua kimya hutoa vitone visivyoonekana, maana utando wa majimaji hupasuka hewa ikipita. Wengine hutoa vichache, wengine maelfu kwa kila lita ya pumzi. Wale 11 walivuta ukungu wa chumvi ya kawaida kwa dakika 6. Kwa wale wenye vitone vingi, idadi ilishuka kwa takriban asilimia 72, hadi saa 6 baadaye.