Jina na Sitara: Picha za Kale na Mavazi ya Watu wa Mrima

Mjini Tanga, ndani ya boma kongwe la enzi ya Wajerumani, mna makumbusho madogo yaitwayo Urithi. Kutani mwake zimetundikwa picha za kale za mji na watu wake. Mgeni aingiaye humo huanza kwa kuyatazama majengo na reli ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Lakini haupiti muda jicho lake likahamia kwa watu, na kwa watu likatua juu ya nguo. Ukuta haumwambii mtu alitaka kuwa nani. Nguo humwambia.

Basi ni haki kuuliza, kila tusimamapo mbele ya picha ya namna hiyo: nguo hii ilichaguliwa na nani? Picha ilitakwa na nani, aliyevaa au aliyeshika kamera? Na ilikusudiwa kutazamwa na nani? Maswali haya matatu ni madogo kwa maneno, ila jawabu zake zimebeba historia nzima ya pwani yetu.

Zamani, katika Mrima na visiwani, vazi halikuwa pambo tu; lilikuwa karibu na sheria. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa mwaka 1903, anatuonyesha jamii ambayo ndani yake kofia na viatu vilitenganisha muungwana na mtumwa. Wanawake watumwa walijulikana kwa kaniki, au kwa merikani, shuka nyeupe iliyopata jina lake kwa sababu ililetwa na wafanyabiashara wa Marekani. Bibi wa kiungwana alijulikana kwa hariri, kwa ushungi na kwa mapambo. Aliyemwona mtu kwa mbali alikwisha kujua amsalimu vipi.

Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, waliokuwa watumwa hawakungoja wafundishwe maana ya uhuru; walikwenda dukani. Kaniki ikavuliwa, kanga ikavaliwa. Kanga yenyewe ilikuwa ngeni bado, imezaliwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 kutokana na leso zilizoshonwa pamoja, kisha ikapigwa chapa kama kitambaa kimoja chenye pindo na mji. Baadaye yakaja maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa za Kirumi, na mwanamke akaweza kusema kwa nguo asichoweza kukisema kwa kinywa. Tanganyika ilichelewa: Wajerumani walipunguza utumwa kwa amri mbalimbali bila kuufuta, na sheria ya kuukomesha haikuja ila mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo picha mbili za wanawake wa mwaka 1910, moja ya Unguja na moja ya Tanga, zaweza kuonyesha kanga za duka moja, na hali za wenye kuzivaa zikawa mbali kama mashariki na magharibi.

Katika zama hizo hizo kamera ilikuwa imekwisha kutia nanga. Unguja walikuwako wapiga picha wa Kigoa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho. Mrima walikuja Wajerumani na vyombo vyao. Sehemu kubwa ya kazi yao iliuzwa kama postikadi. Msichana alisimamishwa mbele ya pazia lililochorwa, akapambwa, akaelekezwa mkono uwekwe wapi na shingo igeuzwe vipi. Chini ya picha hakuandikwa jina lake. Liliandikwa jina la kabila, au la mji, au neno la kumsifu kama mtu asifuvyo tunda. Kisha akatiwa stempu, akasafiri hadi Hamburg na London kwa watu asiowajua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hapa iliazimwa nguo, likaazimwa na umbo lenyewe, na mwenye umbo hakurudishiwa kitu.

Yupo mmoja aliyeugeuza mchezo huo, naye ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika nyumba ya Sultani. Aliondoka kwao mwaka 1866, na mwaka uliofuata akabatizwa Aden na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Picha zake mashuhuri, zinazomwonyesha katika mavazi na vito vya mabibi wa Unguja, hazikupigwa Unguja. Zilipigwa katika studio ya Hamburg, wakati nje ya studio hiyo alikuwa akivaa gauni la Kizungu na kuitwa Emily. Je, zile ni picha za kweli au za maigizo? Nadhani ni zote mbili. Nguo ilikuwa yake, mahali hapakuwa pake. Naye alivaa kwa ajili ya kamera kile ambacho mtaa ulikuwa umemvua. Aliandika pia kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, na ndiyo maana picha yake haikuwa bubu kama zile za postikadi. Makumbusho ya Kasri yalipofunguliwa Unguja mwaka 1994, alitengewa chumba kwa jina lake.

Mwingine ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, wazazi wake wakiwa na asili ya Unyamwezi na Uzigua, na Uzigua ni nchi ya nyuma ya Tanga na Pangani. Yasimuliwa kuwa jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi, ni jina alilolipata baadaye. Muuza vyungu huyo aliingia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Sauti yake ilifika majumbani kabla ya sura yake. Mwandishi aliyemtungia wasifu hakuwa mtu wa Unguja, bali Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga. Kwa hiyo tuitazamapo picha ya Siti leo, tunamwona mwanamke ambaye jina, vazi na habari zake vimekutana mahali pamoja. Kwa mtu aliyezaliwa katika tabaka lake, huo ulikuwa ushindi adimu.

Baada ya hapo studio zikawa za watu wa mji. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na miji ya pwani ikawa na za kwake. Sasa mteja ndiye aliyelipa, naye ndiye aliyechagua: kanzu na koti, au suti, kanga mpya ya sikukuu, saa mkononi, hata ikiwa ya kuazima. Mabibi walipiga picha pasipo buibui, nywele zimesukwa na dhahabu shingoni, kwa ajili ya mume aliye safarini, au dada aliyeolewa mbali, au albamu iliyofungiwa kabatini.

Na hapa ndipo palipo na mwiba. Picha ya postikadi ilimnyima mwanamke jina, ikamvua na sitara. Picha ya kabatini ina vyote viwili: jina lake lajulikana na jamaa, na uso wake umehifadhiwa na mlango. Makumbusho yaitakapo picha hii, hutaka kheri. Lakini wakiitundika bila jina, wamemfanya bibi wa watu postikadi ya pili, na wakiitundika kwa jina bila idhini, wamemfungulia mlango alioufunga mwenyewe. Wapo watakaosema kuwa wafu hawaoni haya. Huenda, wajukuu huona. Na wapo wanaozichoma albamu za marehemu kwa kuiogopa siku hiyo, na kila albamu inayochomwa ni ukurasa wa historia yetu usioandikwa tena.

Sioni suluhisho moja kwa zote. Naona wajibu mdogo ulio katika uwezo wa kila mtu. Wazee wakiwa hai, picha zitolewe kabatini, ziwekwe mapajani mwao, na nyuma ya kila moja iandikwe kwa penseli: nani huyu, mwaka gani, kanga hii iliitwaje, fundi gani alishona kanzu hii, na je, yeye mwenyewe angeridhia kutazamwa na wageni? Swali hilo la mwisho liandikwe pamoja na jawabu lake, hata ikiwa ni la. Mwenye makumbusho akipokea picha yenye maneno hayo atajua la kutundika na la kuweka sandukuni, na mgeni wa boma la Tanga, jicho lake likitua juu ya nguo, atakuwa na jina la kumsalimia aliyeivaa.