Kusoma na Kusomesha: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwalimu na Mzazi

Kitenzi "kusoma" katika Kiswahili kina upana wa maana. Aliyefungua kitabu husoma, aliyeko shuleni husoma, na mwenye kuihifadhi Kurani kifuani huisoma bila ya kuutazama msahafu. Kitenzi hicho kikinyambuliwa kuwa "kusomesha", huwahusu watu wawili: mwalimu anayefundisha na mzazi anayegharimia elimu ya mwanawe. Historia ya usomaji katika mwambao wa Kenya haieleweki vyema pasipo kuwatazama wawili hao kwa pamoja, na ni wachache waliozibeba kazi zote mbili kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa.

Sheikh Al-Amin alizaliwa mwaka 1891 katika nyumba ya wanavyuoni. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alifariki mwaka 1894, mtoto angali mdogo mno kuweza kufundishwa naye. Malezi na masomo yake yakawa mikononi mwa jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, na baadaye akapata elimu zaidi Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Hivyo yeye mwenyewe alisomeshwa na mwalimu aliyesimama mahali pa mzazi.

Usomaji wake haukukomea katika vitabu vya fiqhi vilivyozoeleka. Alifuatilia maandishi ya wanamageuzi wa Misri, hasa Muhammad Abduh na Rashid Rida, aliyekuwa akitoa jarida la Al-Manar mjini Cairo. Maandishi hayo yalikuwa kwa Kiarabu, nao wengi wa watu wa Mombasa, ijapokuwa walizijua herufi za Kiarabu tangu chuoni, hawakuielewa lugha yenyewe. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Fikra alizozipata katika kusoma kwake sasa ziliweza kusomwa na muuza duka, au kusikilizwa na yeyote aliyesomewa barazani.

Wakati huo una uzito wake katika historia ya lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi, ikisimamia vitabu vya shule kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo, mwaka ule ule njia mbili za kusoma Kiswahili zilikuwa zikiendelea sambamba: moja ikipitia ofisi za serikali na shule, nyingine ikipitia chuo, msikiti na baraza.

Isidhaniwe kwamba Sheikh Al-Amin aliipinga shule. Aliwahimiza wazazi Waislamu wawapeleke watoto wao wakapate elimu mpya, wasichana pia, mradi dini na Kiarabu visiachwe. Alilaumu mali iliyoteketezwa katika karamu za arusi na matanga. Kwa hoja yake, umma usiosomesha watoto wake hauna wa kumlaumu kwa unyonge wake ila nafsi yake. Maneno hayo yalikuwa mazito kwa wazazi waliohofia kwamba shule ingewaondoa watoto katika imani yao.

Naye alikuwa na watoto wake. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alisoma shule ya serikali mjini Mombasa. Wakati huohuo alifuatana na baba yake mahakamani, kwani Sheikh Al-Amin alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937, akasikiliza jinsi hoja zinavyojengwa na kubomolewa. Iliazimiwa kwamba kijana huyo aende Al-Azhar. Lakini mwaka 1947 baba alifariki, na Ali akabaki yatima akiwa na miaka 14. Safari ya Misri haikuwa. Hatimaye alisoma Uingereza na Marekani, akawa profesa wa siasa huko Makerere na mwandishi mashuhuri wa Kiingereza. Shauku ya kujadiliana, kwa ushahidi wake mwenyewe, aliirithi kwa baba yake.

Urithi wa mwalimu ulishika njia nyingine. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu, na katika miaka ya 1970 alitoa gazeti la Kiswahili, Sauti ya Haki. Makala ya Sahifa yalikusanywa katika kitabu cha herufi za Kilatini kiitwacho Uwongozi, na sehemu zake zikatolewa tena mwaka 2017 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Uhamisho huo wa herufi unaonyesha faida na hasara kwa pamoja. Wazazi wengi waliitikia wito wa kusomesha, lakini sharti la pili, la kutoacha elimu ya kale, halikutimizwa kwa kiasi kile kile. Matokeo yake ni kwamba wengi wa wajukuu wa wasomaji wa kwanza, ambao wamefika shule kama Sahifa ilivyotaka, hawawezi kuisoma Sahifa yenyewe mpaka wasomewe na mwingine.