Upande Usio na Ua

Jina la Nairobi limetoka kwa Wamaasai: Enkare Nairobi, maji baridi. Kabla ya barabara na maghorofa, hapa palikuwa kinamasi na mto ambapo wafugaji walinywesha ng'ombe wao. Reli kutoka Mombasa ilifika mwezi wa Mei 1899. Wahandisi wakaona uwanda tambarare wenye maji, mahali pazuri pa kuweka bohari kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Tope halikuwazuia. Mwaka 1902 tauni ilipozuka katika soko la Wahindi, wakubwa waliamua kulichoma soko. Kuhamisha mji kutoka kwa kinamasi, zii.

Wanyama wa nyanda za Athi-Kapiti nao walikuwa wakiyafuata maji hayohayo. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia hutawanyika kusini kutafuta nyasi mbichi. Kiangazi kikikaza, hurudi kaskazini, kwenye mito na mabwawa yasiyokauka. Nyumbu walikuja wakaondoka, wakaja tena. Mji ulikuja ukakaa.

Miaka ya 1940, mtu aliyeitwa Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi na mtoto wa walowezi, ndiye aliyepiga kelele zaidi kwamba wanyama wanaisha. Sheria ikatungwa mwaka 1945, na Desemba 1946 Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ikatangazwa, ya kwanza Kenya. Mfugaji hakupewa nafasi ndani ya mipaka hiyo.

Sasa tazama ramani. Hifadhi ina kilomita 117 za mraba tu. Leo ina ua upande wa mji, lakini kusini, kwenye mto Mbagathi, iliachwa wazi makusudi ili wanyama wapite. Sheria ililinda mahali wanaponywa maji wakati wa kiangazi. Njia ya kufika hapo, na malisho yao ya msimu wa mvua, vilibaki nje ya mpaka.

Na bado mambo yalienda sawa kwa miongo kadhaa. Kwa nini? Kwa sababu ng'ambo ya mto kulikuwa na Wamaasai, na ardhi yao haikuwa na nyaya. Ng'ombe na nyumbu walikula nyasi za uwanda mmoja. Watu walewale walioachwa nje ya hifadhi ndio walioiweka hai, na kwa miaka mingi hakuna aliyewalipa hata ndururu.

Halafu ardhi ikakatwa. Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za pamoja. Miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila familia na hatimiliki yake. Ukame ukija, au karo ikikosekana, ekari chache zinauzwa. Miaka ya 1990 viwanda vya EPZ pale Athi River vilileta maelfu ya wafanyakazi, na wafanyakazi wanahitaji pa kulala. Kitengela ikapanda juu. Ploti ya hamsini kwa mia, taito tayari, ua kwanza, nyumba baadaye.

Mwaka 1978 nyumbu wa nyanda hizi walikuwa zaidi ya 30,000. Kufikia 2011 hawakufika 5,000. Ujangili ulichangia, ukame pia, lakini nyumbu akikutana na waya kila anapogeuka, hatimaye haji tena.

Mimi napanga Kitengela, ghorofa ya tatu. Kwa hivyo sitakuambia watu wasijenge. Kodi ya Nairobi tunaijua, na kijana anayeweka pesa kwenye chama ili apate kaploti kake hajakosea. Wala mzee wa Kimaasai anayeuza ili mtoto asome hajakosea. Shida ni kwamba tumemwachia mtu mmoja mmoja uamuzi ambao ni wetu sote.

Kuna njia iliyojaribiwa. Kuanzia mwaka 2000, mpango mmoja ulilipa familia za huku takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka, wasiweke ua na wasiuze. Malipo yalipangwa yaingie karibu na siku za kufungua shule, wakati mzazi ana presha zaidi ya kuuza. Wazo hilo liliheshimu wanyama na wenye ardhi kwa pamoja. Lakini dola 4 zitashindana vipi na bei ya ploti? Mpango wa namna hiyo ukitegemea wafadhili pekee, hauwezi kukimbizana na mabroka.

Faru weusi, walio hatarini kutoweka, bado wako humo ndani, wakilindwa usiku na mchana. Wao wanaweza kuishi ndani ya ua. Nyumbu hawawezi. Upande wa kusini ukizibwa kabisa, tutabaki na zuu kubwa yenye mandhari ya maghorofa.

Wikendi hii broka akikupeleka saiti, usiulize tu kama stima imefika. Uliza wanyama hupitia wapi. Ukiona ameanza kucheka, uliza tena.